Njiti nne za kiberiti

Kule kwetu Machame, kwenye kihamba cha migomba na mikahawa, siku ilianza kabla jogoo hajawika, kwa sauti ya njiti ikikwaruzwa kwenye kiberiti. Alikuwa mama mkubwa akiwasha moto. Njiti moja ilimtosha. Kuni zikiwa mbichi, mbili. Alizoea kutuambia sisi watoto kwamba mwanamke anayemaliza kiberiti ndani ya wiki hawezi kuweka akiba ya kitu chochote.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja ya Agosti yenye baridi na ukungu wa mlimani, niliketi kando yake uani wakati muuguzi aliyekuja kumwona alipotoa kiberiti mfukoni. Alipanga njiti nne mezani zikafanya umbo, kisha akampa mama mkubwa njiti nyingine nne. "Bibi, nipangie na wewe kama nilivyopanga mimi." Mama mkubwa alizitazama kwa muda. Akashika moja, akaigeuza, akailaza. Akashika ya pili, akaikwaruza kwenye ukingo wa meza mara mbili, kama anayeshangaa kwa nini haiwaki. Kisha akainua macho, akamtazama binti yake, ambaye mimi humwita dada, akasema kwa sauti ya chini, "Mgeni hajapewa chai?" Kikombe cha muuguzi kilikuwa mezani, kando ya zile njiti, chai imebaki nusu.

Kwa miaka mitatu kabla ya siku hiyo ukoo mzima ulikuwa na jibu moja: ni uzee. Mama mkubwa alikuwa muuza ndizi katika soko la Boma Ng'ombe, na hesabu zake hazikuwahi kuhitaji karatasi. Kisha akaanza kurudisha chenji mara mbili kwa mteja yuleyule. Wateja wa zamani walimrejeshea fedha zake, wakacheka naye, wakasema bibi kachoka. Wengine hawakurejesha. Akaja kutia chumvi kwenye chai. Akauliza kama baba, mumewe, amekwisha rudi kutoka shambani, na baba tulimzika mwaka 2011. Kila tukio tuliliwekea maelezo yake, na maelezo yote yaliishia kwenye neno lile lile. Uzee.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kiswahili chetu kina njia nyingi za kumsema mtu wa namna hii: amechanganyikiwa, akili zimemruka, amerudi utotoni. Zote ni za kumaliza mazungumzo, na hakuna hata moja inayompeleka mtu hospitali. Madaktari wanaiita hali hii dimenshia, na wanasisitiza kwamba ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo hadi kumbukumbu, lugha, uamuzi na mwenendo wa mtu vinavurugika kiasi cha kushindwa shughuli zake za kila siku. Uzee huongeza uwezekano wa kuyapata, lakini uzee si jina la magonjwa hayo. Wapo wazee wa miaka 95 wanaokumbuka nani alikopa mbuzi wa nani mwaka wa mafuriko. Kusahau jina la mgeni uliyekutana naye harusini ni jambo la kila mtu. Mwanamke aliyeuza ndizi maisha yake yote asipojua tena chenji ya noti ya elfu kumi, hapo pana ugonjwa.

Na mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika vitabu vya tiba hakuwa kikongwe. Aliitwa Auguste Deter, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Daktari Alois Alzheimer alikaa naye, akamwuliza maswali mepesi, akaandika majibu yake neno kwa neno. Alipofariki mwaka 1906 Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mabaki ya protini yaliyoganda kati ya seli, pamoja na nyuzi zilizosokoteka ndani ya seli zenyewe. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen. Leo ugonjwa wenye jina lake unakadiriwa kuchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa dimenshia duniani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na kila mwaka wanaongezeka wapya karibu milioni 10. Zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Ifikapo mwaka 2050 hesabu hiyo inatazamiwa kufika milioni 139. Sababu kubwa ni njema: watu wanaishi muda mrefu zaidi. Tanganyika ilipopata uhuru, mtoto aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka arobaini na kitu. Sasa wastani huo umepita miaka 65. Tumewatibu watu malaria, tumewachanja watoto, tumepunguza vifo vya wazazi, na waliopona wamezeeka. Tulichosahau ni kujiandaa kwa uzee wao.

Kipimo cha njiti alichopewa mama mkubwa kilizaliwa hapo hapo wilayani Hai, hatua chache kutoka kihamba chetu. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mtu achore saa, aandike sentensi, au atoe saba kutoka mia, kisha saba nyingine, na saba nyingine. Mzee ambaye hakuwahi kushika penseli atashindwa hata kama akili yake ni kali kama wembe. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walitunga kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, chenye maswali ambayo mtu asiyesoma anaweza kuyajibu: leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, taja wanyama wote unaowajua ndani ya dakika moja. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti. Ninapenda sana busara hiyo. Mtu aliyetunga kipimo kile alifikiria mikono ya mama mkubwa, akajua imeshika nini maishani.

Mwaka 2010 watafiti hao walipita vijijini Hai wakiwapima watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, karibu 1,200. Baada ya kurekebisha hesabu kulingana na umri, walikuta watu 6.4 katika kila 100 wana dimenshia, kiwango kinacholingana na cha nchi tajiri. Wakati huohuo wengi wetu tulikuwa tukiamini kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Imani hiyo haijawa ya bure. Imeua watu.

Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili mnaikumbuka habari ya bibi aliyeanguka na ungo. Imeandikwa mara nyingi, kwa majina ya vijiji tofauti: alfajiri, bibi kizee akutwa nje ya nyumba ya watu, nguo hana au amejifunga kipande cha kaniki, haelewi alifikaje pale, anajibu mambo yasiyoulizwa. Umati unakusanyika. Kichwa cha habari kinasema ni mchawi aliyeishiwa nguvu angani. Nimezisoma habari hizo tangu utotoni, na sasa nikizisoma tena namwona mama mkubwa. Usiku wa manane mtu mwenye dimenshia huamka akidhani kumekucha, hutoka kwenda sokoni au kumtafuta mama yake aliyefariki zamani, nguo huzisahau, njia humpotea, na akiulizwa hawezi kujieleza. Hicho ndicho tulichokiandika kama uchawi, na sisi waandishi tuna deni kwa wanawake wale.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Nchini Kenya mauaji kama hayo yametokea Kisii na Kilifi. Ukiwa na macho mekundu, na unatangatanga usiku, na unaongea na watu wasioonekana, utajitetea vipi? Siku mama mkubwa alipokutwa saa tisa usiku kwenye kihamba cha jirani, ameketi chini ya mgomba akichuma majani, jirani yule alimfunika blanketi akamrudisha nyumbani. Asubuhi nilimshukuru hadi akaona aibu. Hakujua ninafikiria nini.

Sasa turudi kwenye ubongo wenyewe, maana hapa ndipo penye mengi ya kufanya na muda wa kuyafanya ni sasa, sisi tukiwa na miaka 40 na 50.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Unaishi kwa damu inayofika kila dakika. Watu wa Kilimanjaro wataelewa haraka nikisema hivi: ubongo ni shamba la mteremkoni na mishipa ya damu ni mifereji. Mababu zetu walichimba mifereji ile kwa mkono, wakaweka zamu za kuitunza, kwa sababu walijua maji yakija kwa nguvu kupita kiasi kingo hubomoka, na mfereji ukiziba shamba la mwisho hukauka bila mwenyewe wa juu kujua. Presha ya damu hufanya hivyo hivyo. Hubomoa mifereji midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, kidogo kidogo, miaka 20, bila maumivu. Wengine hupata kiharusi kinachoonekana. Wengine hupata viharusi vidogo wasivyovijua, kila kimoja kikichukua kipande cha shamba.

Watafiti wale wale walipowapima wazee wa Hai presha, karibu 70 katika kila 100 waliovuka miaka 70 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakuwa wakijua. Miongoni mwa waliojua wengi hawakuwa na dawa, na waliokuwa na dawa wachache tu ndio presha yao ilikuwa imetulia. Mama mkubwa alikuwa mmoja wa wale wa kundi la kati. Aliandikiwa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaviacha. "Presha imeshuka," alituambia, na vidonge vilivyobaki akavihifadhi kwenye kopo la majani ya chai kwa ajili ya siku itakapopanda tena. Familia ngapi zina kopo kama hilo? Dawa ya presha humezwa kila siku, ujisikie unaumwa au huumwi, na ikikusumbua unarudi kwa daktari akubadilishie. Kama makala haya yatamfanya msomaji mmoja alifungue kopo lake leo, nitakuwa nimelipwa.

Na sisemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la vijijini China, katika vijiji 326 na watu karibu 34,000 wenye presha. Nusu ya vijiji viliendelea na huduma ya kawaida. Katika nusu nyingine wahudumu wa afya wa kijijini, ambao si madaktari waliobobea, walipewa mafunzo na dawa, wakawafuatilia watu hadi presha ikashuka na kubaki chini. Baada ya miaka minne dimenshia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 katika vijiji hivyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Mashine ya kupima presha inauzwa kwenye maduka ya dawa. Hii ni kazi inayowezekana Hai, inawezekana Kwale, inawezekana Bukavu.

Kisukari nacho huharibu mifereji hiyo hiyo, na hapa tuna desturi moja inayoniuma: kumpelekea mgonjwa au mzee soda kama ishara ya heshima. Ana kisukari, na kila mgeni anakuja na kreti. Sigara, pombe nyingi, mafuta mabaya kwenye damu na unene navyo huongeza hatari, na msomaji hanihitaji mimi kumweleza.

Kuna mambo mengine ambayo wengi hawayahesabu kabisa. Masikio, kwa mfano. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, na kusema kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Upungufu wa kusikia ni mojawapo ya makubwa katika orodha hiyo. Mzee asiyesikia kwanza tunamwongelesha kwa sauti ya juu, kisha tunachoka, kisha tunazungumza yeye akiwepo kana kwamba hayupo. Ubongo wake unapoteza kazi iliyouweka macho: kusikiliza, kujibu, kubishana. Jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 lilionyesha kwamba kwa wazee waliokuwa katika hatari zaidi, kupewa vifaa vya kusaidia kusikia kulipunguza kasi ya kudhoofika kwa akili kwa karibu nusu katika muda wa miaka mitatu. Mtoto wa jicho vilevile. Wazee waliofanyiwa upasuaji wake walionekana kupata dimenshia kwa uchache zaidi, kwa karibu asilimia 30, kuliko wenzao ambao hawakufanyiwa. Upasuaji huo ni wa muda mfupi na kambi za macho hufika hadi wilayani. Baba mkubwa wa rafiki yangu alikaa miaka minne akisubiri "lizidi kukomaa" ili litolewe. Miaka minne bila kuona uso wa mtu.

Jingine ni kichwa chenyewe kupigwa. Kila siku bodaboda zinaanguka katika miji yetu, na kijana akinyanyuka, akajifuta vumbi na kuendelea na safari, tunasema Mungu mkubwa. Ubongo uliotikiswa vibaya hukumbuka. Helmeti ya abiria, ile inayoning'inia kwenye usukani kwa sababu abiria anaogopa kuharibu nywele au kuambukizwa mba, inalinda pia kumbukumbu ya bibi atakayekuwepo mwaka 2060. Vaa kitambaa kichwani, kisha ivae.

Halafu kuna akiba. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, David Snowdon, alianza kuwafuatilia watawa wa Kikatoliki, hatimaye wakafika 678. Walikula chakula kimoja, hawakuvuta sigara, waliishi maisha yanayofanana, na walikubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mmoja wao, anayetajwa katika utafiti kwa jina la Sista Mary, alikufa akiwa na miaka 101. Alikuwa amefanya vizuri kwenye vipimo vya akili hadi mwisho, lakini ubongo wake ulikutwa umejaa uharibifu ule ule alioueleza Alzheimer. Alikuwa amefundisha shule kwa miaka mingi, na hakuacha kusoma na kukaa na watu. Wataalamu huita hali hiyo akiba ya ubongo: njia nyingi zilizojengwa maishani, hata moja ikiziba mtu hupita nyingine.

Mama mkubwa hakwenda shule alipokuwa mtoto. Alijifunza kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa ameolewa na ana watoto wawili, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Alituonyesha daftari lake hadi tulipokuwa wakubwa, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Daftari lile lilimpa miaka. Nani ajuaye kama bila hilo angeanza kurudisha chenji mara mbili akiwa na miaka 65 badala ya 77. Kila msichana anayebaki darasani leo anawekewa akiba hiyo hiyo, na hilo nalo limo kwenye orodha ya Lancet.

Akiba hujazwa pia na watu. Hapa nitasema jambo ambalo litawachukiza baadhi ya wasomaji wenzangu wa mijini, kwa sababu tunalifanya kwa mapenzi. Mzazi akizeeka tunamtoa kijijini, tunamleta Dar es Salaam apumzike. Tunamweka kwenye nyumba yenye geti na vyoo vya ndani. Tunamwachia msichana wa kazi, televisheni na simu ambayo hawezi kuitumia. Hakuna kuku wa kuhesabu. Hakuna jirani anayepita kuomba moto na kukaa saa nzima. Hakuna kwaya ya Jumamosi, hakuna msiba wa kwenda kupika, hakuna mtu wa kugombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Baada ya mwaka tunashangaa akili imeshuka. Ndugu zangu, mtu hapumzishwi kuishi. Wazee wa Pwani wanaokaa barazani wakicheza bao, wakihesabu kete kichwani, wakitaniana na kunywa kahawa, wanafanya kile ambacho hospitali za nje zinakipanga kwenye ratiba. Wanawake wa vikoba wanaobeba hesabu za watu 30 kichwani wanafanya hivyo hivyo. Mwacheni mzee apepete mchele wake. Mtumeni dukani. Mwulizeni ushauri, na msimwulize kwa kujifanya.

Ufini waliyajaribu mambo haya kwa pamoja. Watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77, kila mmoja akiwa na dalili za hatari, waligawanywa. Nusu walipata ushauri wa kawaida, nusu walipata kila kitu kwa mpigo: lishe bora, mazoezi, kazi za kuchangamsha akili, ufuatiliaji wa presha na sukari. Baada ya miaka miwili kundi la pili lilikuwa limeimarika zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na sasa Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi kinashiriki kuutengeneza mpango wa aina hiyo kwa mazingira ya Afrika.

Wapo watakaofanya yote haya na bado wataugua. Asilimia 45 si mia. Nalisema hili kwa ajili ya dada yangu na wote wanaojilaumu usiku: si kila ugonjwa una mkosaji.

Lakini mkiona dalili, nendeni hospitali, kwa sababu si kila anayesahau ana dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, sonona, VVU visivyotibiwa, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa anazotumia kwa maradhi mengine, vyote huweza kumvuruga mzee akili, na vingi vinatibika. Na mzee aliyekuwa mzima jana akachanganyikiwa ghafla leo ni mgonjwa wa dharura. Mara nyingi ni maambukizi, malaria au njia ya mkojo, na hapaswi kusubiri kesho.

Dawa za dimenshia yenyewe zipo za kutuliza dalili kwa muda. Mojawapo ya zile mpya, lecanemab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hupunguza kasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo, inaweza kusababisha kuvuja damu ndani ya ubongo, na bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Sitawapotezea muda nayo.

Kilichofanyika Hai kina maana zaidi kwetu. Watafiti walichukua mbinu ya vikao vya kuchangamsha akili iliyotungwa Uingereza, wakaitafsiri katika maisha ya Mchaga: nyimbo, vyakula, habari za kijiji, kumbukumbu za utotoni. Vikao 14 katika wiki saba, wazee wameketi pamoja. Walioshiriki waliimarika katika vipimo vya akili. Kinachohitajika zaidi ni muda wa watu.

Muda wa watu, kwetu, maana yake ni muda wa mabinti. Dada yangu aliuza duka lake la nguo Kariakoo akarudi Machame. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna pia aliyejitolea badala yake. Nchini Kenya, Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua dimenshia, alianzisha shirika la ADOK ili familia zenye hali hiyo zikutane na kusemezana, na nadhani ni kwa sababu anajua jinsi nyumba ya mgonjwa inavyonyamaza. Wageni hupungua. Ndugu hupiga simu kuuliza "anaendeleaje" na hawasubiri jibu. Ukitaka kumsaidia mtu anayeuguza, usimwambie akuite akihitaji kitu. Nenda Jumamosi, kaa na mgonjwa kutwa, mwache yeye akasuke nywele.

Dada amejifunza mengi ambayo hakufundishwa. Ameshona namba yake ya simu kwenye pindo la kila khanga ya mama. Ameweka kengele ndogo ya mbuzi mlangoni, mlango ukifunguliwa usiku anasikia. Habishani tena. Mama akiuliza baba amerudi, zamani alimjibu ukweli, na mama alilia upya kila mara kama anayepokea habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Sasa humjibu, "Unamkumbuka, mama? Hebu nisimulie alivyokuposa." Na mama mkubwa husimulia, kwa ufasaha ambao huwezi kuuamini, jina la mbeba mbege, rangi ya mbuzi, mvua iliyonyesha.

Viberiti vyote vilifichwa baada ya siku alipowasha karatasi chumbani. Dada anapikia gesi. Lakini alfajiri, jogoo hajawika, mama mkubwa bado huamka, huingia jikoni, huketi kwenye kigoda chake na kunyoosha mkono. Dada humpa kiberiti alichokitenga, kimejaa njiti zilizokwisha kuungua. Huchagua moja. Huikwaruza ubavuni, mara moja tu, huisikiliza ile sauti, huinama na kuiingiza kati ya kuni ambazo hazipo. Kisha hupuliza taratibu, macho ameyafumba kidogo kuyakinga na moshi.

"Mgeni amekunywa chai?" huuliza.

"Amekunywa, mama," dada humjibu. "Ameshukuru sana."